Mwanamke wa Ng'ambo ya Mfereji

Haarlem, 12 Mei 1636

Dada Machtelt,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Mimi mzima, wasiwasi ni juu yenu. Shemeji na watoto hawajambo?

Jumatatu nilitoka na mwalimu wangu kuchora mashambani, tukafika hadi kwetu. Daraja limevunjika, mfereji umejaa, sikuweza kuvuka. Nikakaa ng'ambo nikaichora nyumba kwa chaki nyeusi, na paa lile lililobonyea. Mama alikuwa mlangoni. Nikamwita, akainua mkono, lakini hakusema neno. Kwani nimemkosea nini?

Muuza bia mmoja wa hapa anaitaka picha aitundike sebuleni. Ati umaskini wa shamba unampumzisha macho. Nilicheka naye, ila niliumia. Mwambie Mama nitakuja wakati wa kukata majani.

Mdogo wako,
Wouter

Assendelft, 20 Mei

Mdogo wangu Wouter,

Salamu zimefika. Sisi tuliobaki tu wazima. Kaa chini kwanza.

Mama tulimzika Februari. Tauni. Nilikuletea habari kwa mwenye mashua, na sasa nasikia naye alifia njiani. Mlangoni kulitundikwa kitita cha mabua, kama ilivyo ada kwa nyumba yenye tauni, na hakuna jirani anayepita hata karibu. Wewe ulimwona nani?

Dada yako,
Machtelt

Haarlem, 27 Mei

Dada,

Sikuulizi hali, maana yangu mwenyewe siijui. Alivaa aproni yake ya buluu na mitalawanda yake, vile viatu vya mbao. Nimemfuta pichani kwa tonge la mkate. Chaki imetoka, lakini aliposimama pamebaki peupe mno, na jicho langu haliendi kwingine. Muuza bia anataka arudishwe, nyumba tupu inamtisha mkewe. Mkono wangu umekataa. Usiende huko peke yako.

Mdogo wako

Assendelft, 9 Juni

Mdogo wangu,

Pole sana. Nilikwenda, tena peke yangu. Nikamkuta mama mmoja wa Brabant, vita vimemfukuza kwao. Analala humo tangu Machi, kwa kuwa mlango wenye mabua hauna wa kuugonga. Nguo alizikuta msumarini. Nilimkaripia, haogopi tauni? Akasema ilishamchukulia wanawe wote, haina haja naye tena. Kisha akaniuliza taratibu:

"Yule kijana wa ng'ambo yuko wapi? Aliniita mama. Nilijua si mimi, nikainua mkono tu asiondoke bila jibu."

Sikumfukuza. Aproni nimemwachia. Daraja limetengenezwa, basi njoo. Lakini ataitika tena, Wouter. Kabla hujafika, fikiri utamwitaje.

Dada yako