Picha ya Baba Akiwa Peke Yake

Te Rimu,
Pwani ya Mashariki,
New Zealand.

9 Februari 1995

Mpendwa Kaka Hohepa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Australia na vumbi la migodi? Kile kifua kimepona? Sisi huku tu wazima. Presha ya Mama imetulia, ila ukimwambia apumzike ndipo anaposhika jembe. Wewe tangu Krismasi hujapiga simu, nikaona heri nishike kalamu mimi.

Januari nzima sikuwa nyumbani. Nilikuwa dereva wa Shangazi Ngaire, yule mpiga picha wa kutoka kusini anayepita pwani yetu kila kiangazi na gari lake la bluu. Si wa damu yetu, lakini baada ya miaka ishirini nani anahesabu? Safari hii goti lake liligoma kukanyaga klachi, akaniomba nimwendeshe. Nilidhani ni mambo ya wiki moja. Kumbe yule mama hajui kuchoka.

Kaka, nimeona mtu anayeijua kazi yake. Tumekwenda ghuba kwa ghuba, miti ya pohutukawa bado imechanua maua yake mekundu, kisha tukapanda bara kwenye mashamba ya kondoo, kisha tukashuka tena baharini. Kokote tunakofika hagusi kamera kabla ya chai. Kwanza anafungua sanduku la picha za mwaka uliopita na kumpa kila mtu yake, na nyuma ameshaandika kwa penseli jina, wazazi na mahali. Kwenye banda la kukatia manyoya vijana walimtania, "Shangazi, ngoja basi tuoge." Akawajibu, "Mkioga nitawatambuaje?" Alikaa juu ya gunia la manyoya tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, akapiga picha nne tu. Mimi ningepiga mia na zote zingeharibika.

Kwenye ufuko mmoja bibi mwokota kome alimkatalia katakata. "Uso huu umeshatumika, mwanangu, katafute mwingine." Shangazi hakubembeleza. Alikunja suruali, akaingia majini kuokota naye, wakazungumza habari za mabega yanayouma. Kesho yake asubuhi yule bibi alikuwa anatungoja kando ya gari, amevaa hereni na amejipaka rangi mdomoni.

Sasa nije kwenye jambo hasa lililonifanya nikuandikie. Jumamosi ya Pasaka tunafunua jiwe la kaburi la Baba, na siku hiyohiyo picha yake inapaswa kuingia kwenye nyumba ya mikutano, akae ukutani na wazee wake waliotangulia. Mwiko unaujua: aliye hai hapandi ukuta ule na marehemu, hata kiganja chake. Na Baba unamjua. Hakusimama mbele ya kamera bila kumkaba mtu shingo. Ya harusi yuko na Mama. Ile ya jikoni yuko na wewe, una miaka kumi na minne, kichwa kiko kwapani mwake. Ndipo ukasema kwenye simu ya Krismasi, "Si mnikate mimi tu?" Mama akaweka simu chini. Hukuona, lakini alichukua ile picha akajifungia nayo chumbani hadi chakula chetu kikapoa.

Hayo nilimsimulia Shangazi tukiosha vyombo. Hakunipa hata pole. Aliniuliza, "Kiangazi baba yako alipenda nini?"

"Mbio za farasi za ufukweni, zile za Mwaka Mpya."

"Alikuwa anashinda?"

"Hakuwahi hata kumaliza."

Akafuta mikono, akampigia bintiye simu amtumie kwa basi filamu zote za mbio hizo, miaka kumi na tisa, pamoja na vijipicha vyake.

Vilikuja katika makasha matatu ya viatu. Tulikaa siku mbili dirishani pa ukumbi wa kanisa, kila mtu na kioo chake cha kukuzia. Mimi niliona farasi tu. Yeye ndiye aliyemwona Baba, kwenye picha za mwaka 1983. Farasi amemtupa Baba majini na kwenda zake na wenzake, naye amesimama, maji magotini, kofia mkononi, anacheka mpaka macho yamefumba. Hakuna mtu wala mnyama karibu. Ndiyo siku pekee aliyokosa wa kumkaba. Kaka, watu wote ufukweni siku ile walikuwa wanamkimbilia mshindi, na mwanamke huyu akageuka kumtazama aliyeanguka. Nampenda kwa hilo hadi nife. Nililia palepale wala sikuona haya.

Alipoisafisha kwa ukubwa, Baba Mdogo Tiaki aliguna. "Mtu ametupwa na farasi, suruali imelowa, ndiyo tukamtundike na wakubwa?"

Mama akamwambia, "Tiaki, wale wamenuna ukutani miaka sitini. Wapelekee mtu awachekeshe."

Baba Mdogo alijaribu kununa, akashindwa. Mama naye alicheka hadi akashika meza. Sijamsikia hivyo tangu tumzike Baba.

Imebaki nani ataibeba. Baba Mdogo amejitolea, nami nimejitolea, na Mama ametukataa sote wawili. Ameifunga kwa shali yake na kuilaza kitandani, upande wa Baba. Anasema ataiingiza mwanawe mkubwa, la sivyo isubiri Pasaka nyingine. Nilimwambia pengine unaona haya kwa yale maneno ya simu. Akaniambia nikuandikie hivi, nisipunguze neno: "Mwambie sikukasirika kwa ajili ya picha. Nimeshamzika mmoja. Asinikatie na wa pili."

Baba Mdogo Tiaki anakusalimu, na Bibi Kura, na watoto wa jirani wanaokujua kwa jina tu. Shangazi Ngaire anakusalimu pia, ingawa hamjaonana miaka mingi. Mungu akulinde chini ya ardhi na juu yake, na akufungulie njia ya kuja.

Wako akupendaye, dada yako,

Mereana