Kwa Nini Kinshasa Niliiweka ya Tatu

Likasi, Jumapili jioni

Dada yangu Zena,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka huku kwenye vumbi jekundu. Goti linaendeleaje? Mvua za Tabora zimeanza? Wanao wanakula, au bado wanachagua mboga kama wakubwa? Mimi mwili ni mzima, usije ukadhani nimelazwa. Kinachoniuma hakitibiwi hospitali.

Kazi ipo. Bado nasuka upya nyaya za mota kwenye karakana karibu na machimbo ya chokaa, Kakontwe. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, mota za kusagia mawe zinaungua, nami naitwa. Jioni narudi kwenye chumba changu, vitabu vyangu na redio. Mwaka wa nne huu niko huku peke yangu, na mkono wangu bado unasonga ugali wa watu wawili.

Mtu pekee niliyekuwa naye hapa ni Papa Kalunga, mwalimu wa ndondi, mzee wa kabila la Wasanga mwenye pua iliyovunjwa mara mbili. Klabu yake ni banda la mabati na ulingo wa kamba za kufungia mizigo. Kila Jumamosi nilikwenda pale kubishana. Mabondia wakiniona tu, wanapaza sauti: "Profesa anafika! Mufunge masikio!" Ubishi ulikuwa mmoja: ni pambano gani la ndondi lililo kubwa kuliko yote katika historia?

Msimamo wangu unaujua, hujawahi kuukubali. Ukubwa wa kihistoria si utamu wa ngumi. Ni dunia kuamka kesho yake ikiwa si ileile. Kwa hiyo ngumi ya kwanza ni ile ya kule jangwani Marekani, zama za babu zetu, pale bingwa mweusi alipompiga Mzungu aliyetolewa kwenye ustaafu aje aokoe heshima ya rangi yake. Watu weusi waliuawa mitaani kwa sababu ya matokeo ya mchezo! Nani anaweza kushindana na hilo? Ya pili ni ya New York, Mmarekani mweusi na yule Mjerumani ambaye utawala wa kwao ulijigamba naye, muda mfupi kabla ya vita kuu. Huyo Mjerumani alimalizwa raundi ya kwanza. Ya Kinshasa, Wamarekani weusi wawili walipoletwa kupigana nchi hii ikiitwa Zaire, ni ya tatu. Na sababu niliisema wazi: ile ilikuwa sherehe ya dikteta, akijitangaza duniani kwa jasho la watu waliochimba shaba hapahapa.

Kaka yake Papa Kalunga, mzee Mumba, hakukubali hata siku moja. Alikuwa akija klabuni na kigoda chake, ananisubiri. "Ya tatu? Weye unajua kusoma, watu haujue!" Nami namwambia amelishwa propaganda. Tunatukanana mpaka giza, halafu ananisindikiza.

Mzee Mumba alifariki mwezi uliopita. Hapa ndipo nilipoharibu.

Wewe unajua kwetu msibani mtani anaruhusiwa. Anamtania marehemu mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao. Sasa mimi, msomi, nilikuwa nimesoma kwamba Wanyamwezi wenzetu walikuja huku zamani, wakawa Wayeke, wakapigana na Wasanga na kuwatawala. Nikapiga hesabu zangu: waliopigana zamani ndio watani wa leo, basi mimi na Wasanga ni watani. Hakuna mtu wa huku aliyewahi kuniambia hivyo. Niliutoa utani huo kwenye vitabu, nikaubeba mpaka matangani.

Nikasimama chini ya turubai, jeneza liko mbele yetu, nikasema kwa sauti: "Mzee Mumba, umekimbia! Umeona huwezi kuitetea Kinshasa, ukaamua kufa. Nimeshinda kwa pointi!" Nikasubiri kicheko.

Dada, wanawake waliacha kuimba. Papa Kalunga akainuka polepole akanisogelea.

"Ndugu yangu iko mu sanduku," alisema. "Haiko na kinywa ya kukujibia. Na weye unabishana naye?"

Nilijaribu kueleza, akawa ameshanipa mgongo.

Nilirudi klabuni Jumamosi iliyofuata. Sikufukuzwa. Ningefukuzwa ningejua la kufanya. Papa Kalunga alinipa mkono, akasema kwa Kifaransa, kama kwa mgeni, "Bonjour, monsieur." Nikasema ya Kinshasa ni ya tatu. "Ndiyo, monsieur, iko vile." Nikachokoza, nikasema hata ya kumi haifiki. "Ndiyo, monsieur." Mabondia wote wakaitikia. Wiki tatu, dada, watu wanakubaliana nami! Sijawahi kuwa mpweke namna hiyo, hata siku ile niliposhuka hapa simjui mtu.

Leo nimekwenda kwake nyumbani na gunia la makala, ndiyo mkaa kwa lugha ya huku, na mfuko wa unga.

"Ya nini hii?"

"Faini," nikamwambia. "Kwetu mtani akizidisha, anatozwa. Na mimi hata mtani sikuwa. Nilijipa cheo."

Nikamweleza yote, Wayeke, vitabu, upumbavu wangu. Alisikiliza akitazama chini. Mwisho nikamwomba jambo ambalo sikuwahi kumwomba kaka yake: anieleze ni kwa nini Kinshasa ilikuwa ya kwanza.

"Baba yetu alikuwa anatumika mu mine ya shaba ya Kambove," akasema. "Miaka yote, akikutana na chef Muzungu, anatosha kofia ku kichwa. Ile asubuyi tulisikia ngumi ku radio, sisi wote, Mumba alinibeba ku mabega. Kiisha baba alienda ku kazi. Mumba alimufuata nyuma. Chef alipita." Akaweka kiganja kichwani, kama aliyeshika kofia. "Baba hakutosha kofia. Ni ile tu Mumba aliona. Haikukuwa mambo ya prezida."

Ndiyo hiyo, dada! Dunia iliyoamka si ileile, nami nilikuwa nikiitafuta vitabuni. Lakini sikutaka kumdanganya mfiwa, nikamwambia kwa upole kwamba sasa naipandisha iwe ya pili.

Akainua kichwa. "Ya pili? Kisha vyote hivi, ya pili? Kichwa yako ni jiwe! Toka kwangu, mupumbafu wa Tabora, na Jumamosi usichelewe!"

Nimetembea njia nzima nikitabasamu, nikafungua mlango wa chumba, na hapakuwa na mtu wa kumsimulia. Ndiyo maana nakuandikia kabla hata ya kupika.

Msalimie shemeji, na shangazi yetu mdogo, umwambie dawa ya macho nitampa dereva wa lori anayekuja huko. Wabusu wanao. Najua utaishikilia ile ngumi ya Manila iwe ya kwanza, kwa sababu uliililia ulipoiona kwenye video. Usinionee huruma, dada. Nipinge.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Shabani