Mawe ya mizani ya Mama Tumaini

Jumapili, Julai. Baridi kali, na upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Leo sikwenda kanisani. Nimesingizia mafua, na nyumbani wameniamini kwa sababu wiki hii Tunduma nzima inapiga chafya. Ukweli ni kwamba niliogopa kukaa jirani na Mama Tumaini.

Nieleze kwanza kazi yangu. Nina pipa la kuondolea kutu. Nililaza pipa la mafuta juu ya fremu, nikalifungia mota iliyotoka kwenye mashine ya kusaga. Ndani natia vyuma vyenye kutu pamoja na mchanga na kokoto, linazunguka saa nne au tano, vyuma vinasuguana mpaka vinatakata. Kisha navizungusha tena na magunzi ya mahindi yaliyopondwa, vinatoka vinang'aa. Hata watu wa Mkwajuni, mbali kule, huniletea sproketi, yale magurudumu ya meno ya mnyororo wa pikipiki. Basi nimevimba kichwa. Kila anayepita lazima asikie habari za pipa langu.

Wiki tatu zilizopita Mama Tumaini alileta mawe yake ya mizani. Anauza maharage yanayotoka Ibaba pale sokoni, ni mjane, na mama yangu na yeye wamezoeana tangu usichana. Mawe yalikuwa yameliwa na kutu mpaka namba hazisomeki. Nilimwambia mbele ya watu kwamba pipa hili halijawahi kuharibu kitu. Fundi mwenye akili angeyageuza ayaangalie chini kwanza. Mimi niliyatupia humo pamoja na sproketi.

Nilipochekecha mchanga nilikuta kipande cha risasi, ile laini ya kwenye betri za gari, ukubwa wa kidole gumba. Nikageuza jiwe la kilo mbili. Tundu la chini lilikuwa tupu. Risasi ile ndiyo huongezwa ili jiwe litimize uzito wake.

Nilijua palepale. Sitaki kuandika hapa kwamba sikujua.

Kuiyeyusha na kuirudisha si kazi ya siku nzima, halafu ningemwomba akayapimishe upya kwa watu wa vipimo. Lakini wateja walikuwa wamekaa, na Mama Tumaini mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akisifia mawe yanavyong'aa. Nikayafunga kwenye gazeti nikampa. Risasi nikaitia kwenye droo, nikajiambia nitamwita baadaye.

Sikumwita.

Alhamisi nilikuwa sokoni nanunua vitunguu. Akaja mama mmoja wa Zambia, mteja wake wa miaka mingi, na maharage aliyokwenda kuyapima upya kwao. Hakupiga kelele. Alisema tu, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "Mayo, hata wewe?" Muuzaji wa meza ya pili akaweka jiwe lake la kilo mbili upande mmoja wa mizani, la Mama Tumaini upande wa pili. La Mama Tumaini likapanda juu, watu wote wakiona. Mtu mmoja akanigeukia mimi fundi, akauliza inakuwaje.

"Hata mimi nashangaa," nikasema.

Tangu siku hiyo anakaa na magunia yake hakuna anayesimama. Wameshampa jina, Mama Pungufu. Na mimi vitunguu nilinunua, nikaenda nyumbani, nikala.

Leo baada ya ibada alikuja kunijulia hali. Aliambiwa naumwa, akaniletea malimau. Nilijifunika blanketi nikakohoa, mtu mzima mimi, mwenye mke na watoto. Aliyaweka malimau mezani. Kisha akasema:

"Nimefikiri sana, mwanangu. Mawe yale aliyanunua marehemu. Huenda Baba Tumaini ndiye aliyeyachokonoa, mimi nikawa nauza nayo bila kujua."

Angalia nilivyo. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Nikajibu, "Inawezekana, mama."

Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Akaniambia ninywe malimau na maji ya moto, akaondoka.

Baba Tumaini namkumbuka. Alikuwa mtu wa kukuongezea kiganja cha maharage baada ya kukupimia. Nimemfanya mwizi mbele ya mke wake, naye hana namna ya kujitetea. Nimejaribu kujihurumia mchana huu wote, imeshindikana.

Kesho soko litajaa saa mbili asubuhi. Sitakwenda mapema nikamnong'oneze pembeni, maana yeye hakuaibishwa pembeni. Nitasubiri wauzaji wote wafungue meza zao, niiweke risasi ile juu ya mizani yake waione. Naogopa. Huenda hakuna atakayeniletea hata nati moja baada ya hapo. Lakini neno la kwanza nitakalolisema, kabla ya jina langu na kabla ya kuomba radhi, ni kwamba Baba Tumaini hakumwibia mtu.