Bomba la Mzee Eustace

Jumatatu, 12 Aprili 1999

Leo nimepewa bomba la moshi nilisafishe. Mimi! Miaka mitatu tangu kiwanda kitupunguze kazi, naosha magari kwa ndoo na kitambaa kwenye gereji ya Severini hapa Kihonda, na hajawahi kuniruhusu kugusa kitu kilichofunguliwa. Leo kafungua bomba zima la gari la Mzee Eustace, kalilaza juu ya mapipa mawili, kaniita. Dada Asia, hili ni stenlesi, halishiki kutu, lisugue mpaka ling'ae.

Mzee Eustace ni mstaafu wa kiwanda cha sukari. Bomba kaletewa na mwanawe aliyeko Japani, na hachoki kulisimulia. Siku hizi kila mwenye kiinua mgongo ana gari la Dubai, na kila mwenye gari la Dubai ana marafiki wenye magari ya Dubai. Ndivyo anavyopiga hesabu Severini. Mzee akija Jumamosi akapendezwa, kile kibanda cha kando ya geti ni changu, niwe msafisha vyuma, watu waje kuniulizia kwa jina. Asipopendezwa, kibanda anapewa fundi betri wa Dumila. Kaniambia wazi. Napenda kuambiwa wazi.

Nakitaka kile kibanda.

Masizi sasa! Nimeloweka kwa maji ya moto na sabuni ya mche, nikapitisha dodoki ndani na nje. Maji yametoka meusi kama ya kuoshea masufuria ya msibani.

Jumanne, 13 Aprili

Stilwaya pakiti mbili. Majivu bakuli zima. Mwanamke wa Kiluguru hafundishwi kung'arisha! Masufuria ya mama yangu yakianikwa kichanjani, aliye mlima wa pili anajua vyombo vimeoshwa. Nimelisugua bomba kama sufuria la harusi. Kufika saa tisa nikajiona meno.

Severini kapita, kapiga mluzi. Eti mtu anaweza kunyolea ndevu hapo. Nikamwambia mimi sina, alete zake.

Nimeliacha pale pale nje, juu ya mapipa. Si halishiki kutu? Nimerudi nyumbani naimba.

Jumatano, 14 Aprili

Mvua usiku kucha. Asubuhi bomba lina kutu.

Kutu! Vidoadoa vya rangi ya chungwa, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtoto mwenye surua. Severini kazunguka mara mbili, kaguna, halafu kasema tumwambie mzee mwanawe kauziwa feki. Kwani sisi tumetengeneza? Stenlesi ya kweli ingeoza kwa mvua moja?

Nilitaka sana kukubali. Nimekaa juu ya ndoo.

Alhamisi, 15 Aprili

Mama kashuka kutoka Kinole na ndizi zake za sokoni, kapita gereji kunijulia hali. Hata shikamoo ya Severini kaiitikia nusu — macho yote kwenye bomba. Kapitisha kidole. Kauliza, umesugulia nini, mwanangu? Stilwaya, mama. Kacheka mpaka kashika kiuno! Niliudhika.

Halafu kaniuliza: ukisahau msumari juu ya kanga mbichi, kanga si inatoka kutu? Je, kanga ni chuma? Ile kutu ni ya msumari. Na hii ni ya stilwaya. Vijiuzi vyake vimekatikia humo, vimekwama, mvua imevikuta.

Kumbe ni mimi. Bomba la watu halina kosa, mtoto wa watu kule Japani hana kosa. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto. Lakini baada ya aibu — humu hasomi mtu, acha niseme — nimefurahi. Kosa la kiwanda cha Japani ningelifanyia nini? La kwangu naliweza.

Dawa ni ile ile ya kanga: ndimu. Nilipoenda kuchukua chumvi, mama kanipiga kofi mkononi. Chumvi ni ya nguo! Yeye kaliwa majembe mangapi na chumvi? Ndimu tupu. Tena kaniachia majani ya msasa, yale ya kulainishia miiko. Alikuwa anampelekea mchongaji mmoja wa sokoni. Mchongaji atasubiri, kasema. Majani hayana chuma ndani yake.

Ijumaa, 16 Aprili

Ndimu arobaini na tatu. Vidole vinawasha, kila mchubuko nimeujua kwa jina.

Nimelowesha matambara kwenye maji ya ndimu, nikalifunga bomba lote. Mafundi wakawa wanaulizana nani kavunjika mguu. Wengine wakaliambia bomba pole! Saa sita nimelifungua, nikalisuuza ndoo kwa ndoo.

Hakuna doa. Nimetafuta kwa macho, nimetafuta kwa kidole. Hakuna!

Mchana wote majani ya msasa, majimaji, kwa upande mmoja tu, kutoka injini kwenda nyuma, bila kurudisha mkono. Jani likichakaa natupa, nachukua jingine. Haling'ai kwa makelele kama Jumanne. Linang'aa kwa utulivu, kama maji ya mto Ngerengere pasipo na watu. Ile rangi ya buluu iliyoungua karibu na injini imegoma kutoka. Nimeiacha, inapendeza. Sijafanya kazi nzuri kama hii tangu nizaliwe, na kiwandani nilikaa miaka kumi na moja.

Jumamosi, 17 Aprili

Mzee Eustace kaja saa tatu kwa miguu, mwavuli mkononi. Shikamoo mzee. Marahaba binti. Kainama juu ya bomba, kavaa miwani, kavua, kavaa tena. Katabasamu! Severini kanikonyeza: nyamaza.

Ningenyamaza, kibanda kingekuwa changu muda ule ule. Lakini je, likitoka madoa tena akiwa safarini? Atamlaumu mwanawe. Nikasema yote. Stilwaya, mvua, kutu, ndimu. Severini kaangalia juu kana kwamba anahesabu mabati.

Mzee kauliza jambo moja tu: kwa hiyo mwanangu hakudanganywa? Nikasema hakudanganywa, baba. Ni mikono yangu.

Kashusha pumzi. Kasema kiwandani kwao matangi ya sukari yalikuwa ya chuma hiki hiki, na hawakuamini macho ya mtu, waliamini maji: tangi likilowa lisitoke kutu, ndiyo safi. Basi lilale nje tena, kama siku ile. Lisifungwe garini leo. Kesho akitoka misa ya kwanza atapita. Likiwa safi, ana wenzake wanne wa kuleta. Likiwa na doa moja — hakumalizia. Kafungua mwavuli, kaenda zake.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Wingu limeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye minazi. Wengine wameondoka. Severini katoka stoo na turubai, kasimama karibu na mapipa. Mzee hatajua, dada. Alfajiri naliondoa mwenyewe, unapata kibanda chako, kwisha.

Ni mtu mwema. Anataka nikipate.

Nimemwambia arudishe turubai stoo. Kaniuliza, una hakika? Nimesema sina. Matone yameanza — makubwa. Yanaligonga bomba, nayasikia kutoka hapa nilipokaa na daftari, na sijanyanyuka.