Kitambaa Kimoja, Saiti Saba

Mshauri mpendwa,

Sijawahi kuandikia gazeti, na mwandiko wangu ni wa mtu aliyeishia shule ya msingi, lakini naomba unisaidie, kwa sababu mtu niliyekuwa namuuliza mambo ya namna hii alikuwa mke wangu, naye alifariki mwaka jana mwezi wa nane. Yeye ndiye aliyekuwa akinisomea safu yako huku pasi ikipata moto, akimaliza barua ya msomaji anaweka gazeti chini na kutoa jibu lake kwanza kabla ya kusoma lako, na mara nyingi lake lilikuwa kali zaidi.

Mimi ni mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi. Koleo, misumari, viatu vya mpira, vyote vinapita mkononi mwangu, pamoja na uzio mmoja wa kitambaa, na huo uzio ndio uliolala kifuani mwangu kwa hiyo nivumilie nikueleze. Siku hizi huwezi kuchimba udongo kwenye mteremko mpaka ofisi ya vibali ipitishe mpango wako wa kuzuia mmomonyoko na kukupa kibali cha maji ya mvua, maana yake umeahidi kwamba mvua ikinyesha maji yatatoka kwenye saiti yako lakini tope litabaki. Mpango unataka uzio wa kitambaa kigumu cheusi, umefukiwa chini kiganja kizima, usimame upande wa chini wa saiti siku zote mpaka udongo ufunikwe. Ndivyo ilivyoandikwa. Kampuni yetu ina saiti saba na vibali saba, vyote vina mihuri, na uzio ni mmoja.

Nilipoanza kazi nilimuuliza bosi kwa upole kama tunaweza kupata mwingine. Akanitazama kama nimeomba helikopta.

"Mzee wa stoo," akasema, "afisa mkaguzi ni mmoja, ana macho mawili, na kwa siku anakwenda saiti moja. Uzio wa pili utaangaliwa na nani?"

Basi utaratibu ukawa kwamba afisa anapiga simu siku moja kabla, sisi tunaupakia uzio kwenye pikapu, tunausimamisha, afisa anapiga picha, anakunywa soda, anaondoka, tunaung'oa na kuurudisha stoo ili usichakae. Mafundi wameuita Bi Harusi, kwa sababu kazi yake ni kupelekwa kwa gari, kusimamishwa wima na kupigwa picha, na pikapu ikipita wanapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nacheka pamoja nao, sikatai.

Mwaka juzi ulichanika. Niliupeleka nyumbani, maana mke wangu alikuwa fundi cherehani, akachukua kipande cha pazia letu la zamani la kijani lenye majani ya njano akatia kiraka. Akaniuliza, "Hiki kinazuia nini?" Nikamwambia kinazuia tope lisiingie kwa watu. Akarudia mshono mara ya pili bila kuambiwa na mtu. Kiraka hicho kimeshapigwa picha kwenye saiti zote saba, na afisa aliwahi kuandika kwenye ripoti, nimeisoma kwa macho yangu, kwamba "viraka vya kampuni hii vinafanana katika saiti zote, jambo linaloonyesha usimamizi wa kiwango kimoja." Bosi ameitia ripoti hiyo kwenye fremu.

Sasa saiti ya saba iko mlimani, na chini yake kabisa ni nyumba ya mama mkwe wangu, anaishi peke yake, na tangu msiba mimi hupita kwake kila nikitoka kazini, tunakaa jikoni, ananisimulia mke wangu alivyokuwa mdogo, kwamba alikuwa akila wali anaanza na pembeni ya sahani anazunguka, na mimi namwambia aliendelea hivyo hivyo mpaka ukubwani. Katapila lilipokata mlima juu ya nyumba hiyo niliona udongo ulivyokaa, nikaacha uzio pale baada ya ukaguzi, sikuurudisha stoo, na sikumwambia mtu. Ulikaa wiki tatu. Mvua mbili zilinyesha, tope likajaa nyuma ya kitambaa kama gunia, na jikoni kwa mama halikufika hata tone. Mshauri, nilishangaa. Miaka yote nimeutunza uzio ule na sikujua kwamba unafanya kazi.

Kisha afisa akapiga simu kwamba anakwenda saiti nyingine. Bosi akasema lete Bi Harusi. Niliung'oa Jumatatu kwa mikono yangu nikijiambia Jumanne jioni nitaurudisha, lakini afisa akaahirisha mpaka Alhamisi, na Jumatano mchana mvua ikanyesha. Nilipofika kwa mama tope lilikuwa limeingia kwa mlango wa nyuma, limefika nusu ya miguu ya meza, sufuria zinaelea, yeye amesimama juu ya stuli ameshika redio yake.

"Mkwe wangu," akaniuliza, "kwani huko juu kwenu hawana kitu cha kuzuia?"

"Wana kibali, mama."

"Kibali cha nini?"

"Cha maji ya mvua."

"He! Mvua nayo siku hizi inaombewa ruhusa?" Akafikiri kidogo. "Sasa kama wana kibali, hili limetoka wapi?"

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Niliinua macho nikaona mfereji wa bati ambao shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliufunga miezi miwili kabla, nikasema, "Labda ni mfereji, mama."

Mama akampigia simu mwanawe papo hapo. Shemeji ni fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache. Akaja na nguo za kazi, akaangalia sakafu, akaangalia juu.

"Mama, bati halina udongo. Maji ya paani yatakuwaje mekundu?"

"Mwenzako ni mtu wa saiti. Muulize yeye."

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, sema kweli. Huu ni mfereji?"

Nikasema, "Mfereji nao umechangia."

Akasema sawa, akatoka. Mama akampigia kelele mgongoni, "Na ngazi yako uliyofungia mfereji uichukue! Na usirudi mpaka ujifunze kazi!" Hakuichukua na hajarudi. Leo ni Jumapili ya tano. Yeye ndiye aliyekuwa akija kila Jumapili kumjazia mama pipa la maji na kumsomea maandishi madogo ya kwenye dawa zake za presha. Sasa mama anabeba ndoo mwenyewe na goti lake lile, na wiki iliyopita nilikuta amemeza vidonge vya jioni asubuhi. Nikisema nimjazie mimi pipa, ananisifu, anasema bora mkwe kuliko mtoto, na kila akinisifu naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Uzio niliurudisha mlimani siku ile ile ya ukaguzi. Lakini jana bosi amesema Jumanne ijayo kuna ukaguzi mkubwa wa saiti ya sokoni, Bi Harusi aoshwe na aletwe, na mawingu yameanza kujikusanya. Nikikataa, nitafukuzwa. Nikiutoa, mama atapata tope mara ya pili. Na nikimwambia mama kweli, naogopa nitapoteza mtu wa mwisho ambaye naweza kukaa naye tukamzungumzia mke wangu. Nimefikiria labda nimnunulie mama mfereji mpya, nimwambie ule wa kwanza ulikuwa na kasoro ya kiwandani, ili asimlaumu tena mwanawe na mimi nisitajwe. Je, hiyo si njia nzuri?

Mgane wa stoo

JIBU

Mgane wa stoo, pole kwa msiba. Mke wako namhesabu miongoni mwa wasomaji wangu wazuri, na nina hakika jibu lake leo lingekuwa fupi kuliko langu.

Hapana, si njia nzuri. Umeniuliza kama unaweza kufunika uongo wa mfereji kwa mfereji mwingine. Ukifanya hivyo, mvua ya tatu itakukuta unanunua paa.

Nianze na kampuni yenu, maana nimecheka na sikupenda kucheka. Mna vibali saba vyenye mihuri na jiko moja lenye tope. Bosi wako anaamini mvua husubiri afisa apige simu siku moja kabla. Afisa anaamini viraka huota vyenyewe kwa kiwango kimoja. Nilipiga simu ofisi moja ya vibali kuuliza msomaji afanye nini akiona uzio umeng'olewa baada ya ukaguzi, na yule aliyepokea akaniambia hilo haliwezekani, kwa sababu picha zipo. Nikamuuliza kama kuna mtu huwa anakwenda saiti siku ya mvua. Akasema, "Siku ya mvua hatutoki, barabara zina tope."

Lakini usijifiche nyuma yao. Wao wamedanganya kwa karatasi. Wewe ulimdanganya mtu anayekutazama usoni na kukuita mkwe wangu. "Mfereji nao umechangia." Kisentensi hicho nimekisoma mara tatu. Shemeji yako alikuomba kweli kwa heshima, mbele ya mama yake, juu ya kazi ya mikono yake, nawe ukamjibu kama ripoti ya ofisi. Unasema unaogopa kupoteza mtu. Baba, kuna mtu ameshapotea, na si wewe. Ni kijana aliyefungiwa mlango wa mama yake kwa kosa lako, na ni mama anayemeza dawa za jioni asubuhi kwa sababu msomaji wake hayupo. Umekaa jikoni kwake wiki tano ukipokea sifa za mtoto wa mtu.

Najua hukufanya kwa ubaya. Katika kampuni nzima wewe peke yako uliacha uzio pale unapotakiwa, tena kwa kujificha, kama mtu anayeiba. Hilo ni jambo la kusikitisha sana kwa kampuni na la heshima kwako. Sasa fanya mchana na wazi yale uliyokuwa ukifanya kimyakimya.

Uzio hautoki mlimani. Usibishane na bosi, wewe si mtu wa kubishana. Chukua daftari lako la stoo, andika kwamba uzio unatumika saiti ya mlimani kama kibali kinavyotaka, na kwamba ukiondolewa tope litaingia nyumba iliyo chini, kama lilivyoingia Jumatano ile. Weka tarehe. Kisha mpelekee daftari na kalamu, mwombe aandike hapo chini kwamba ameagiza uondolewe, na atie sahihi. Nimeona mabosi wengi wenye sauti kubwa ambao mkono huwauma ghafla wakipewa kalamu. Akikasirika, mwambie ukweli ulio rahisi: ukaguzi wa Jumanne unahitaji uzio, na maduka yanafunguliwa Jumatatu.

Wakati huo huo andika barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi ya vibali, si kurasa nne na nusu kama uliyoniandikia mimi. Taja namba ya kibali cha mlimani, siku uzio ulipong'olewa na siku tope lilipoingia. Peleka mwenyewe, omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mihuri wanayo ya kutosha, wakugongee na wewe mmoja. Hawawezi kusema tena kwamba haliwezekani. Huenda bosi akakufukuza hata hivyo. Siwezi kukuahidi vinginevyo, na sitajifanya kwamba kutafuta kazi katika umri wako ni mchezo. Lakini mtunza stoo anayejua kila kitu kilipo, na anayesema kweli kilipo, si mtu wa kukaa bila kazi muda mrefu. Na nyuma ya jiko la mama, kabla ya Jumanne, panga viroba vya mchanga safu mbili, uchimbe na mtaro wa kupitishia maji pembeni. Kwa hilo huhitaji mpango uliopitishwa na mtu yeyote.

Hayo yote ni mepesi. Lililo zito ulifanye leo hii hii.

Usianze kwa mama. Nenda kwanza kwa shemeji yako, kazini kwake, usubiri azime mashine. Usianze na mvua, wala bosi, wala afisa. Anza hivi: "Niling'oa uzio mimi, na mfereji wako hauna kosa." Halafu nyamaza. Atakachosema kipokee, hata kikiwa kirefu kuliko kawaida yake. Usimwombe akuelewe, na msiba usiutaje, maana aliyefariki alikuwa dada yake, na shemeji yako hakuutumia msiba huo kumdanganya mtu.

Kisha mwombe muende wote kwa mama. Akikataa leo, rudi kesho. Mama atakasirika, pengine atakwambia usikanyage kwake mwezi mzima. Vumilia mwezi huo. Kumbukumbu za binti yake haziko chini ya ulinzi wako, na akitaka mtu wa kuzizungumza naye atakuita, kwa sababu hata yeye hana mwingine aliyeishi naye miaka yote ile.

Sema yote mkiwa bado nje, kibarazani, shemeji akisikia kila neno. Na mama akifungua mlango, wewe rudi nyuma hatua moja, umwache mwanawe atangulie kuingia.