Pazia la Mnara wa Taa

Jumanne, baada ya isha

Na bado nacheka peke yangu. Leo ningerudishwa bandarini Liwatoni kubeba samaki, lau si Bi Rukia.

Ami Salim, mwenye kazi, alinipa wageni wa Nakuru niwatembeze, akatufuata nyuma asikilize. Nikiboronga, kazi ya kuongoza wageni basi. Lakini mimi na mdomo wangu huu, niogope nini?

Tukafika mnara wa taa. Mgeni mmoja akatoa picha ya zamani kwenye simu, akauliza mbona kioo cha juu kimefungwa pazia mchana. Sikujua. Nikajibu papo hapo, "Mlinzi wa taa alikuwa na mke mzuri, hakutaka mabaharia wamwone."

Ami akakunja uso. Pale chini Bi Rukia, muuza mihogo, akaangua kicheko. Kumbe babake ndiye aliyekuwa akiwasha taa ile.

"Mke huyo ni mamangu," akasema, "na mzuri kweli alikuwa. Ila malizia na lile la jua, mwanangu. Jua likipita kioo kile cha kukuza mwanga huunguza vitu ndani, ndipo baba akifunga pazia kila asubuhi."

"Ndiko nilikokuwa naelekea, Bi."

"Najua. Una haraka ya maneno tu."

Wageni wakafurahi. Ami kanipa na wa kesho.

Bi Rukia angeweza kuniumbua mbele za watu, akanisitiri. Mungu amweke. Ameniita Ijumaa nikasikilize habari za mnara tangu mwanzo, sharti nisimkatize. Hilo la kunyamaza ndilo linalonitia hofu.