Kipanya cha Ngametua

Vaipae, Aitutaki
4 Machi

Wifi yangu Tutai,

Kia orana. Habari za Auckland, habari za baridi, na ile miguu yako iliyokuwa ikivimba inaendeleaje? Moeroa hajambo? Mwambie shangazi zake wote huku wanamsalimu, hata wale asiowakumbuka.

Najua utasema, si tulizungumza Jumapili? Tulizungumza, lakini kwenye simu wewe kazi yako ni kucheka tu, na mwanao yuko pembeni anasikiliza. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Mkono wangu wa kulia umegoma, wifi. Dole gumba na kifundo. Nikishika mkasi, maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Kina mama bado wanakuja barazani na vitambaa vyao, "Mama, tukatie maua ya tivaevae," yale mashuka yetu ya kushonea maua, nami siwezi kukata hata jani moja. Sasa nachora kwenye ile laptop aliyoniachia mwanangu. Usicheke! Nachora robo tu ya shuka, yenyewe inageuza na kujaza robo zilizobaki, kisha shuleni wananichapishia vipande na tunavigundisha. Wao wanakata na kushona, mimi naketi kama malkia.

Tabu ni kuchora. Kile kibao cha kusugua kwa kidole kinanichosha, na mstari unatoka umevunjikavunjika. Shuleni wakaniazima kipanya cha waya. Waya ukanasa kwenye nyuzi, ukavuta kikombe, chai yote kwa paka. Nitafutie huko kipanya kisicho na waya, cha kukaa vizuri mkononi. Mwezi wa Agosti tunafunua jiwe la kaburi la kaka yako, nami nataka kabla ya kufunuliwa jiwe lile lifunikwe kwa tivaevae niliyoichora mwenyewe. Na wewe utakuwepo, hilo sikuulizi.

Wifi yako,
Ngametua


Mangere, Auckland
21 Machi

Wifi Ngametua,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa Vaipae. Huku tunaendelea vizuri, mvua tu. Miguu ni ile ile, iache.

Yaani wewe na laptop! Kaka yangu angekuwa hai angekwenda kumwambia mchungaji. Nilipomsomea Moeroa barua yako alicheka mpaka akamwaga unga.

Nimekupatia kipanya. Chekundu, chembamba, kinang'aa kama kiatu cha harusi. Nilikiona tu nikajua ni chako. Anakileta mke wa Papa Ngatama anayepanda ndege Alhamisi. Ndani kuna kidude kidogo kama ukucha, hicho unachomeka kwenye laptop, usije ukakitupa ukidhani ni takataka.

Shuka la kaka yangu unalichora maua gani?

Wifi yako,
Tutai


Vaipae
10 Aprili

Tutai, wifi yangu mpenda vinavyong'aa,

Hujambo? Mimi sijambo, mkono ndio una jambo.

Kipanya kimefika. Ni kizuri sana. Nimekiweka kabatini karibu na picha za harusi, kwa maana kazi nyingine hakina. Ni kidogo, wifi, na chembamba kama biskuti. Kiganja kinabaki hewani, vidole vinakikunjia kama vya kaa, na nikichora jani moja tu natikisa mkono kama niliyeumwa na nyigu. Halafu kila nikikibonyeza kinalia ta! ta! mpaka kina mama wanadhani nawaharakisha.

Ulikishika kabla ya kununua, au ulikitazama tu? Sema kweli.

Rudi dukani, ukishike. Mikono yetu ni mmoja, umesahau? Kule kwenye kiwanda cha maji ya machungwa, Rarotonga, tulikuwa tukivaa glavu moja kwa zamu, na yule msimamizi hakujua ya nani. Kinachokufaa wewe kitanifaa mimi.

Maua bado sijayaona. Nakaa mbele ya skrini nyeupe na akili inazurura tu. Jana niliona kama kaka yako amepita uani amebeba miwa, nikamwambia panguza miguu. Nilikuwa nimesinzia.

Hujaniambia unakuja lini.

Wifi yako,
Ngametua


Mangere
2 Mei

Wifi,

Habari za siku nyingi, na pole kwa mkono. Nilikitazama tu. Haya, umefurahi?

Safari hii nimekwenda kwenye duka kubwa, na muuzaji alikuwa mama wa Kitonga, Lesieli, mtu mzima mwenzetu. Akaniuliza, "Mama, unapenda rangi gani?"

"Rangi imeshaniponza. Nataka cha kukaa mkononi."

"Mkono wako?"

"Wa wifi yangu."

"Yuko wapi tumpime?"

"Aitutaki."

Akacheka, akashika kiuno. "Basi hapo mkono wake utatufikia lini?"

Nikamnyooshea wangu. "Ndio huu hapa. Mimi na yeye ni saizi moja."

Kumbe mambo yenyewe ni mengi. Akaniwekea kimoja baada ya kingine, akawa anautazama mkono wangu, kipanya wala hakitazami. Kimoja kirefu, vidole vyangu havikufika kwenye vitufe. Kingine kizito, kina taa na vitufe ubavuni, "hiki cha vijana wa kupigana vita kwenye skrini," akakirudisha. Kingine cha mviringo, kizuri, ila kifundo changu kilikuwa kimejikunja kwa juu, akasema, "Huo mkunjo ndio unaomuumiza. Mtu akikaa hivyo siku nzima, atalia."

Mwisho akanipa kimoja kilichosimama kwa ubavu, sura yake kama kilima kilichokatwa upande. Hukifuniki kwa kiganja. Unakishika kama unavyomshika mtu mkono kanisani. Kipo cha wanaume na kipo cha mikono midogo. Nikashika kile kidogo. Dole gumba likapata pa kulala. Nikabonyeza, hakikulia, kikashuka tu kama umebonyeza donge la unga wa mkate.

Nikafumba macho, wifi. Nakuambia ukweli, palepale katikati ya duka niliona nimekushika mkono kule gatini, siku ile ninaondoka, na mashada ya maua yamenijaa shingoni mpaka siwezi kukuona. Nilisikia hata harufu. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Lesieli akaja na kiti na glasi ya maji. Nikalowesha midomo tu, nikamshukuru.

Moeroa ndiye aliyebeba mfuko, mkono wangu wa kushoto siku hizi haubebi. Ndani nimekuwekea na betri, kisikufie katikati ya ua.

Wifi yako,
Tutai


Vaipae
28 Mei

Wifi yangu,

Kia orana, na Mungu akulipe kwa macho uliyofumba.

Kipanya kimekaa! Mwanzo kilikataa kutembea, nikataka kukurudishia na matusi juu. Kumbe ni kile kitambaa cha plastiki cha mezani, kinang'aa mno. Nikakiweka juu ya mkeka, kikarukaruka. Sasa nimekiwekea jalada la kalenda ya kanisa na kinateleza bila kelele. Mkono umelala ubavu kama mtoto. Nachora asubuhi nzima na kifundo hakisemi kitu. Mstari unatoka wenyewe, sivuti, sisukumi. Wakati mwingine nasahau kama nina mkono. Baraza inanyamaza, kina mama wanakuwa mbali kama wanaimba ng'ambo ya maji, na jani linaota mbele yangu kabla sijaliwaza.

Paka alikuja kukinusa, akasikia tunakiita kipanya, akatudharau.

Ila maua ya kaka yako bado. Nachora, nafuta.

Tutai, sasa nakuuliza mara ya tatu. Agosti unakuja? Kwenye simu ukasema tiketi ni shida, nikasema tutachanga. Ukasema kazi, na kazi uliacha. Ukasema Moeroa hawezi kubaki peke yake, mtu mzima yule, anaendesha gari! Ni kaka yako wa tumbo moja. Hukuja tulipomzika, nikanyamaza. Watu wananiuliza hapa, nami nawaambia, "Anakuja," na mimi mwenyewe sijui. Kama Auckland imekunywesha maji ya kusahau, niambie, nisikupangie mahali pa kulala.

Ngametua


Mangere
17 Julai

Wifi yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Nisamehe ukimya. Nilianza kukuandikia mara nyingi, kila mara nikaanza na habari za mvua.

Sikunywa maji ya kusahau, wifi. Hata maji ya kawaida napimiwa. Figo zangu zimekufa. Miaka sasa naunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, ile ya hospitali, siku moja naenda, siku moja napumzika. Mkono wa kushoto ndio wanaouchoma, ndiyo maana haubebi. Siku ya maziko ya kaka yangu nilikuwa nimelala pale nimefungwa mirija, nikiimba polepole mpaka nesi akaniuliza ni wimbo gani. Nilimkataza Moeroa asiwaambie. Wewe ulikuwa na msiba wako, ningekuongezeaje mwingine? Na mashine hiyo huko kisiwani hakuna.

Ulikuwa ukiniuliza maua. Nikilala pale, macho yanafumba yenyewe, naota kitu kimoja tu. Nimelala chali kwenye maji mafupi kule Ootu, na juu yangu mshelisheli, lakini majani siyaoni. Naona vivuli vyake tu vikitembea juu ya mchanga, chini ya maji, juu ya tumbo langu, vinafunguka na kujifunga. Hakuna anayeniita. Kisha mashine inalia, nesi ananigusa bega, na mimi nina hasira naye, maskini, mtu mwema yule.

Nimechoka na ndoto. Nayataka maji yenyewe. Nimemwambia Moeroa anikatie tiketi ya Agosti, ya kwenda tu. Analia, lakini atakata. Wanasema bila mashine nitakuwa na siku chache, nami zinanitosha. Tutafunua jiwe la kaka yangu pamoja. Nipangie mahali pa kulala, karibu na dirisha.

Usimwambie mtu.

Wifi yako daima,
Tutai


Vaipae
24 Julai

Tutai,

Usije.

Nakukataza. Mimi ndiye niliyekusumbua uje, na mimi ndiye ninayekuambia usikanyage hapa. Ukishuka kwenye ndege ile nitakurudisha kwa mikono hii miwili, wa kuuma na usiouma. Siku chache zinakutosha wewe. Nani aliyekuambia zinanitosha mimi?

Jiwe litasubiri. Nimeshaongea na mchungaji, na kaka yako sijaona akikimbilia popote.

Ulivyonieleza vile vivuli, niliiacha barua wazi mezani, nikashika kipanya. Sikufuta hata mstari mmoja. Majani ya mshelisheli, lakini siyo majani yenyewe, ni ile nafasi iliyo kati yao, mahali mwanga unapopita. Nilipoinua kichwa kina mama wote walikuwa wamesimama nyuma yangu. Mama Tepori akasema, "Hili siyo la jiwe." Nikamwambia, "Hili ni la mtu anayesikia baridi." Wanashona kwa zamu tangu siku hiyo, bluu juu ya nyeupe, na hawajaniuliza la nani. Kaka yako ana mchanga wa kumfunika. Wewe unalala hospitali chini ya shuka la serikali.

Mimi ndiye ninayekuja. Mwanangu amenikatia tiketi. Nakuja na shuka, na laptop, na hicho kipanya, maana kina mama wamesema watanitumia vipimo vya vitambaa, nami niwarudishie michoro. Kazi naweza kuifanyia popote penye kiti. Na kiti cha pembeni ya mashine yako, natumaini kipo.

Sipendi baridi, nakuambia mapema.

Ngametua wako


Mangere, Jumanne asubuhi

Wifi,

Sikukuamsha. Gari la hospitali limekuja mapema na wewe unakoroma kiasi kwamba dereva alisikia kutoka mlangoni akauliza kama tunafuga mbwa. Nimemwambia ni wifi yangu, ana wiki tatu tu huku, atazoea.

Chai ipo kwenye chupa. Magimbi ya jana yako chini ya sahani, pasha. Vaa lile koti langu la kahawia, siyo sweta lako, utaganda. Moeroa atakupitia akitoka kazini, na ukichoka kumsubiri basi linasimama mbele ya duka la samaki, mwambie dereva hospitali, wote wanajua.

Nesi amekuwekea kile kiti chenye mikono. Wagonjwa wa upande wangu wanakuulizia. Yule mzee wa Kisamoa ametaka umchoree mkewe maua, nikamwambia apange foleni.

Lakini usikimbie, Ngametua. Kunywa chai yako taratibu. Mimi nipo.

Tutai